Maji Hayasomi Ramani: Kusawazisha Kiegesho cha Magari kwa Kompyuta

Siku nyingi sijaandika hapa, kazi zimenibana kweli kweli. Wengi wenu mmenizoea nikiandika juu ya tovuti, hifadhidata na simu. Leo nitaandika juu ya udongo, kabro na maji ya mvua. Usiondoke bado. Kompyuta imo, hesabu zimo, na imo pia nyumba ya mtu ambayo ingeingiwa na maji kwa sababu ya mistari michache iliyochorwa kwenye skrini.

Mambo yalikuwa hivi. Binamu yangu ni mhandisi wa ujenzi. Alipewa kazi ya kutengeneza njia ya magari na kiegesho nyuma ya jengo la kupangisha, huko upande wa Kiambu. Yeye huchora kazi zake kwa programu iitwayo Civil 3D. Aliniomba nimwandikie kiprogramu kidogo cha kukagua mchoro wake kabla haujapelekwa kwa fundi. Kazi yenyewe ilinichukua jioni za wiki tatu, na nimejifunza mengi ambayo naona yatawafaa hata ninyi msiojenga chochote.

Kusawazisha si kufanya tambarare

Tuanze na neno lenyewe. Tukisema kusawazisha, wengi wetu tunafikiria meza: kila mahali sawa. Kiegesho kilicho sawa kama meza ni kibaya kuliko vyote. Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda, yanasimama, yanapenya kwenye viungo vya kabro, mchanga ulio chini unalegea, na baada ya mwaka mmoja una mashimo mahali ambapo magurudumu hupita.

Kwa hivyo uso lazima uwe na mteremko. Wahandisi huutaja kwa asilimia. Mteremko wa asilimia 2 maana yake kila ukienda mita 1, unashuka sentimita 2. Jicho halioni, lakini maji yanaona. Kwa kiegesho, kiasi cha kawaida ni kati ya asilimia 1 na asilimia 5. Chini ya 1 maji yanazubaa. Juu ya 5 mlango wa gari unafunguka wenyewe na kumgonga jirani, na mtu mwenye mzigo anateleza.

Sasa weka jambo la pili. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu akishuka kwenye gari anahitaji mahali ambapo kiti hakitaondoka chenyewe. Viwango vya Marekani vya ADA vya 2010 vinasema nafasi yake ya kuegesha isizidi mteremko wa 1 kwa 48 upande wowote, yaani karibu asilimia 2.08. Kwetu Kenya, Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote ipasavyo, na binamu yangu huitumia hiyo namba ya 1 kwa 48 kama kipimo chake, kwa sababu ni namba unayoweza kuipima kwa pimamaji.

Basi ugomvi ndio huo. Maji yanataka mteremko, kiti cha magurudumu kinataka tambarare, na mwenye ploti anataka kulipa kidogo. Kazi yote ya kusawazisha ni kuwapatanisha hawa watatu.

Programu inaiona vipi ardhi?

Autodesk ya Marekani ilitoa AutoCAD ya kwanza mwaka 1982. Hiyo ilikuwa ya kuchora mistari tu: mstari haukujua kama ni ukuta au ni mtaro. Mwaka 1997 Autodesk ilinunua kampuni ya Softdesk iliyokuwa ikitengeneza programu za wahandisi wa barabara na viwanja, na katika miaka ya 2000 ikaleta Civil 3D. Tofauti kubwa ni kwamba humu vitu vinajuana. Ukibadilisha kimo cha ukingo mmoja, uso wote unajichora upya, na hesabu ya udongo inabadilika papo hapo.

Chini ya yote hayo kuna wavu wa pembetatu. Mpima ardhi anakuja na mashine yake, anapima nukta mia mbili au mia tatu, kila moja na mahali pake na kimo chake. Programu inaziunganisha nukta hizo kuwa pembetatu. Njia inayotumika ni ya Boris Delaunay, mwanahisabati wa Urusi aliyeieleza mwaka 1934: chora duara linalopita kwenye ncha tatu za pembetatu, na hakikisha hakuna nukta nyingine ndani ya duara hilo. Ukifanya hivyo unapata pembetatu nono, si zile nyembamba kama sindano.

Lakini Delaunay hajui ukingo wa barabara. Akikuta nukta mbili, moja juu ya ukingo na nyingine chini yake, anaweza kuunganisha kimshazari na kukutengenezea kilima ambacho hakipo. Ndiyo maana mhandisi huchora mistari yenye vimo, kila ncha na kimo chake, kisha anaiambia programu: pembetatu yoyote isivuke mstari huu. Kuchora kiegesho kwa Civil 3D, ukiondoa madoido, ni kuchora hiyo mistari: ukingo wa njia, ukingo wa kiegesho, sakafu ya mtaro, mlango wa jengo. Halafu unachezea vimo mpaka maji yaende unakotaka.

Ploti yenyewe

Nitawapa namba ili tufuatane pamoja. Lango liko kaskazini, barabarani. Tuliliita kimo 100.00, kimo cha kubuni tu, maana kwa kazi ndogo kama hii unachohitaji ni tofauti za vimo. Kutoka langoni ardhi inashuka kuelekea kusini kwa asilimia 6. Mita 24 za kwanza ni njia ya magari, upana wake mita 4. Kisha kuna kiegesho, urefu mita 36 na upana mita 20. Mwisho wake ni ukuta wa nyuma, ambapo ardhi ya asili iko kwenye kimo 96.40. Pia ardhi inainama kidogo kuelekea magharibi, asilimia 1 hivi. Kwa hiyo kona ya chini kabisa ni ya kusini magharibi.

Nyuma ya kona hiyo anakaa mama mmoja mzee. Mtaa mzima tunamwita Shosho. Ana nyumba ya vyumba viwili na jiko la mabati lililoegemea karibu na ule ukuta.

Upande wa mashariki kuna kichochoro chenye mtaro wa umma unaoshuka hadi kijito. Sakafu ya mtaro ule, kwenye kona ya ploti, iko kimo 95.90.

Mpango wa kwanza

Mwenye ploti alikuwa na mpango wake tayari: fuata ardhi ilivyo, weka kabro juu, maliza. Hakuna kuchimba sana, hakuna lori za udongo. "Maji yamekuwa yakipita hapo tangu marehemu baba yangu," alisema. "Mbona leo ndiyo yawe shida?"

Si swali la kijinga. Jibu lake liko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la nane. Njia na kiegesho pamoja ni mita za mraba 816. Mvua ya milimita 50 kwa saa moja, ambayo masika yetu huileta bila shida, inamwaga hapo lita 40,800. Kwenye nyasi na udongo mwekundu sehemu kubwa inanywewa na ardhi. Wahandisi huchukua takriban asilimia 30 kuwa ndiyo inayotiririka. Kwenye kabro iliyoshindiliwa, chukua asilimia 80.

Niligeuza lita kuwa mitungi ya lita 20, ile ya njano tunayochotea maji sote. Wakati wa nyasi: mitungi 612. Baada ya kabro: mitungi 1,632. Kwa saa moja, kwenye kona moja. Maji yalikuwa yakipita pale kweli, ila si haya.

Hapa ndipo kiprogramu changu kilipoingia.

Nilichoandika

Civil 3D ina vifaa vyake vya kuonyesha tone la maji linakwenda wapi. Binamu alitaka kitu cha ziada: ripoti ya ukurasa mmoja, yenye rangi, ambayo mwenye ploti na fundi wanaweza kuisoma bila kufungua programu ghali. Ghali ni neno sahihi. Tangu mwaka 2016 Autodesk haiuzi tena leseni mpya za kudumu za programu zake za namna hii. Unalipa kwa muda, ukiacha kulipa inafungwa. Wanafunzi hupewa bure kwa masomo.

Bahati nzuri kuna mlango wa kutokea. Unaweza kutoa uso wa ardhi kama faili ya LandXML, muundo ulio wazi ambao toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Ni maandishi matupu. Kuna orodha ya nukta, kila moja na namba yake, na orodha ya pembetatu, kila moja ikitaja namba za nukta tatu. Mtu yeyote anayejua Python kidogo anaisoma. Angalizo moja kwa watakaojaribu: nukta zimeandikwa kaskazini kwanza, halafu mashariki, halafu kimo. Ukisoma kwa mazoea ya x kwanza na y baadaye, ramani yako itatoka imegeuzwa, na utampeleka fundi kwenye ukuta usio wake.

Kazi ya kwanza ya kiprogramu ni mteremko. Kila pembetatu ni kipande bapa, na ukiwa na ncha tatu unapata mteremko wake mkali kabisa na upande unakoelekea. Chini ya asilimia 1 naipaka buluu, maana hapo maji yatasimama. Kati ya 1 na 5 kijani. Juu ya 5 nyekundu. Kwenye nafasi za watu wenye ulemavu, chochote zaidi ya 2.08 ni nyekundu pia.

Kazi ya pili ni njia ya maji. Naweka tone katikati ya kila pembetatu, nalisukuma kufuata mteremko mkali hadi ukingoni, linaingia pembetatu ya jirani, na kuendelea hivyo mpaka litoke nje ya uso au lifike shimoni lisiweze kutoka. Kisha najumlisha eneo la pembetatu zote zilizomwaga mahali pamoja. Mistari mia mbili hivi ya kodi, hakuna uchawi.

Kwenye mpango wa kwanza njia iliyofuata ardhi ilitoka nyekundu tupu, asilimia 6 kila mahali. Maji nayo yalitiririka kusini na kudondoka kwenye ukingo wote wa nyuma, mita 20 nzima, kama maporomoko madogo.

Shosho anasoma skrini

Binamu alishauri tumwite Shosho aone. Mwenye ploti hakufurahi, lakini hakukataa. Tuliweka kompyuta juu ya ngoma la mafuta, nikamweleza: Shosho, haya mabluu madogo ni maji, hii mistari ndiyo njia yake.

Aliangalia kidogo akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Hayaangukii hapa pote. Yanafika kwenye ukuta, yanatembea na ukuta mpaka kwenye tundu la huku kwangu." Akatupeleka kuona. Kwenye kona, chini kabisa ya ukuta, mjenzi wa zamani aliacha tundu mbili za kupitishia maji. Mwaka 2024, mafuriko ya masika yalipoipiga Nairobi na sehemu nyingi za nchi, maji yalitoka kwenye tundu hizo na kuchukua makaa yake na unga wake. Alama ya tope ilikuwa bado kwenye mabati ya jiko, chini kidogo ya goti langu.

Faili yetu haikuwa na ukuta. Ilikuwa na ardhi tu, na ardhi inaishia pale nukta zinapoishia. Nilirudi nikaongeza ukuta kama kizuizi ambacho tone haliwezi kuvuka, nikaendesha tena. Mistari yote iligeuka magharibi na kukutana kwenye kona ya Shosho. Ile mitungi 1,632 ilikuwa na anwani sasa.

Mwenye ploti alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Kuyageuza ni pesa ngapi?"

Mpango wa pili

Wazo la binamu lilikuwa kukiinamisha kiegesho upande wa pili, kuelekea mashariki kwa asilimia 1.5, na kupunguza mteremko wa kwenda kusini hadi asilimia 2. Maji yote yaingie kwenye mtaro mpya kando ya ukuta wa mashariki, kisha bomba, kisha kichochoroni.

Ukiketi na kalamu utaona. Mwanzo wa kiegesho, katikati ya upana, unawekwa kimo 97.60. Mita 36 baadaye kwa asilimia 2 unashuka sentimita 72 na kufika 96.88. Ukingo wa mashariki uko sentimita 15 chini ya hapo, yaani 96.73, na mtaro wa umma uko 95.90. Kuna sentimita 83 za kuchezea. Maji yatatoka.

Njia ya magari nayo sasa inashuka mita 2.40 ndani ya mita 24, wastani wa asilimia 10. Hapa kuna mtego unaowapata wengi. Kipande cha mbele ya lango kinapanda asilimia 2 kutoka barabarani. Ukitoka kupanda 2 ukaingia kushuka 10 ghafla, mkunjo ni asilimia 12, na gari la chini likibeba watu wanne linakwangua tumbo. Dawa ni kuweka mpito. Mita 3 za kwanza zishuke kwa 5, mita 18 za katikati kwa 11.5, mita 3 za mwisho kwa 6. Jumla ni ile ile mita 2.40, lakini kila mkunjo unabaki chini ya asilimia 8.

Gharama ilikuwa udongo. Programu inalinganisha uso wa sasa na uso unaoutaka, pembetatu kwa pembetatu, na kukupa kiasi cha kukata na cha kujaza. Baada ya kutumia udongo wa kukata kujazia kule chini, mita za ujazo zipatazo 219 zilibaki za kutolewa nje. Udongo ukichimbwa huvimba. Ongeza robo, zinakuwa 274 hivi. Kwa lori la mita 10 za ujazo, ni safari 28. (Unene wa kabro, mchanga na kokoto sijauhesabu. Ni uleule kwa mipango yote, kwa hivyo haubadilishi ulinganifu.) Juu ya hayo, kona ya kusini magharibi ingejazwa sentimita 73, na udongo huo haufai kuegemea ukuta wa zamani. Unahitaji ukuta wake wa kuuzuia.

Mwenye ploti alishika kichwa.

Mimi nilishika kitu kingine. Ripoti ilionyesha nafasi mbili za watu wenye ulemavu, karibu na mlango wa jengo, zikiwa nyekundu. Kusini 2, mashariki 1.5, kila moja peke yake iko chini ya 2.08. Lakini kiti cha magurudumu hakifuati kusini wala mashariki. Kinafuata mteremko wenyewe, kimshazari, na huo unaupata kwa Pythagoras: 2 mara 2 jumlisha 1.5 mara 1.5, kipeuo chake cha pili ni 2.5. Hata ungetumia 1.5 na 1.5 ungepata 2.12, ambayo imepita. Wachoraji wengi hukagua kila upande kivyake na kuondoka wameridhika. Na jengo lile lina mpangaji wa chini anayetumia kiti. Kijana wa makamo yangu, hutoka kazini saa mbili usiku, mara nyingi kunanyesha. Kwake nusu ya asilimia ni kitu cha kushikwa kwa mikono.

Mpango wa tatu

Suluhisho lilikuwa rahisi tulipoliona. Tulichukua mita 6 za mwanzo za kiegesho, upana wote, tukaziondolea mteremko wa kusini. Zinainama mashariki tu, asilimia 1.5. Nafasi mbili za viti vya magurudumu zimo humo, pamoja na njia ya kufikia mlango. Zile sentimita 72 za kushuka zikabaki kwa mita 30 zilizosalia: asilimia 2.4. Ukichanganya na 1.5 ya mashariki unapata 2.8. Kijani kitupu.

Kisha binamu akabonyeza hesabu ya udongo. Kwa kuwa uso sasa unabaki juu kidogo kabla ya kuanza kushuka, unachimba kidogo zaidi pale ulipokuwa ukichimba sana. Mita za ujazo 219 zikawa 176. Safari 28 za lori zikawa 22. Yaani ile sehemu tuliyoifanya kwa ajili ya kijana mmoja wa kiti cha magurudumu ilimpunguzia mwenye ploti safari 6 za lori.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo huwa hivi kila mara. Mara nyingi ukimfaa mmoja unamtoza mwingine. Hapa ardhi ilikuwa upande wetu. Ila tusingelijua hilo kama tungeliishia kwenye mpango wa pili kwa kuwa ulikuwa umechosha. Hiyo ndiyo faida halisi ya programu hizi, kwa maoni yangu. Kwa karatasi, mpango wa tatu ni siku mbili za kuhesabu upya, na hakuna anayeziomba. Kwa kompyuta ni dakika kumi, kwa hivyo unathubutu kuuliza swali moja zaidi.

Mwenye ploti alikubali, pamoja na ule ukuta wa kuzuia udongo. Sijui ni hesabu za lori zilizomshawishi au ni ile alama ya tope kwenye mabati. Hakusema, nami sikumuuliza. Ruhusa ya kuingiza bomba kwenye mtaro wa kichochoroni iliombwa kaunti, na vijana wa mtaa wakalipwa kuzibua mtaro huo hadi kijitoni, maana haina haja kumwondolea Shosho maji ukampelekea mwingine.

Kutoka skrini hadi kwa fundi

Fundi mkuu alikuwa mzee mmoja wa kazi, na chombo chake cha vimo ni mpira mwembamba unaoona ndani, umejaa maji. Maji kwenye ncha zote mbili hukaa kimo kimoja. Wakati mwingine tunacheka vifaa vya namna hii, lakini huo mpira hauna betri ya kuisha.

Namba kama 97.60 hazikumsaidia. Tulipaka alama moja ya rangi kwenye ukuta wa jengo, kimo 98.50, na kiprogramu kikachapisha jedwali la vigingi kila mita 4: safu 10 kwa 6, vigingi 60. Nikaongeza safu moja kwenye ule mstari wa mita 6 ambapo uso unaanza kushuka, jumla 66. Kila kigingi kina namba moja tu: sentimita ngapi chini ya alama. Kona ya mlangoni, 75. Kona ya Shosho, 147. Fundi alilitazama jedwali akasema, "Hii ndiyo lugha." Nimeandika programu nyingi maishani na ni chache zilizopata sifa kama hiyo.

Masika yaliyofuata yalikuja. Mtaro wa mashariki ulibeba maji kama ulivyoagizwa, na tundu za kona ya Shosho zilikaa kavu. Kuna mahali pamoja karibu na lango ambapo lori la mchanga lilizamisha kabro na kidimbwi cha upana wa sahani hubaki. Na majani ya mparachichi huziba wavu wa mtaro, kwa hivyo mlinzi hufagia kila jioni ya mawingu. Asipofagia, hesabu zangu zote hazina maana.

Kama unataka kutengeneza kwako

Si lazima uwe na Civil 3D. Kwa ploti ndogo, QGIS ambayo ni ya bure itakuchorea kontua na mteremko ukiwa na nukta za mpima ardhi, na jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kwa vigingi. Lakini uliza maswali haya kabla kabro ya kwanza haijawekwa. Maji yanatoka wapi, na upande wa pili kuna nani? Mlangoni, mteremko wa kimshazari ni ngapi? Mkunjo wa langoni utakwangua gari? Kuta ziko kwenye mchoro, na tundu zake je? Na nani atafagia mtaro?

Kisha mtafute jirani wa chini umwonyeshe mchoro. Hatajua Delaunay ni nani, ila anajua unga wake ulilowa mwaka gani.

Kile kiprogramu nakisafisha kidogo, kisha nitakiweka hapa mkichukue bure. Mafundi na wapima ardhi mlioko huko, nisahihisheni pale mnapoona njia bora. Kwaherini kwa sasa.